Baraza la Jirani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mji wa Mlilana

Mlilana ni mji wa kubuni. Tulianza kuusimulia Jumamosi moja jioni chini ya mti wa mkungu, huku Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, watoto kumi na wawili, mwenzangu na mimi, na tangu siku hiyo mji umekuwa ukikua. Kinachoulizwa kuliko yote ni Baraza la Jirani, ile desturi ya watu wa Mlilana kukusanyika mara moja kwa mwaka na kumjengea baraza la kukalia mmoja wa majirani zao wasio binadamu. Wazazi wanauliza, walimu wanauliza, na watoto waliohamia mitaa mingine wanauliza kwa simu za mama zao. Nimeyakusanya majibu hapa. Mahali nilipoongea sana mnivumilie, ni mambo ninayoyapenda.

Mlilana uko wapi? Mwanangu anataka tupande boti twende.

Hauko kwenye ramani, mama. Ni mji wa hadithi. Kwa mujibu wa hadithi, ukisimama ufukweni Kunduchi unaiona Mbudya. Ukiipita Mbudya, ukaipita na Fungu Yasini, ndipo Mlilana unapoanza. Visiwa hivyo viwili ni vya kweli na boti za kwenda Mbudya zipo. Mwanao akifika pale akakaza macho upande wa kaskazini, atakuwa ameukaribia kadiri mtu anavyoweza kuukaribia.

Jina tumelichukua kwenye mti. Mlilana ni aina ya mkoko, ule unaotangulia mbele ya wenzake kuelekea baharini, shina majini, mizizi ikichomoza matopeni kama vigingi. Watoto walilipenda kwa sababu ndani yake wanasikia watu wanaoliliana.

Baraza la Jirani ni kitu gani hasa?

Mwishoni mwa kusi, kabla mvua za vuli hazijaanza, upepo unapolegea na bahari kutulia, mji mzima unaacha shughuli zake kwa asubuhi moja. Ngalawa zinabaki zimefungwa, maduka yanafungwa, watu wanakwenda kujenga. Hakuna malipo, hakuna mkandarasi, na hakuna aliye mkubwa kiasi cha kusimama pembeni na kuelekeza kwa kidole. Wanajenga baraza moja, la jirani mmoja. Mwaka unaofuata ni zamu ya jirani mwingine.

Kwa nini baraza? Kwa nini wasimjengee nyumba, au mnara wa kumkumbuka?

Swali hili niliwauliza watoto wenyewe, na mmoja akanijibu kwa mshangao kwamba jirani nyumba anayo. Chunusi, yule wa majini, ana mkondo wake; kibwengo, yule mdogo wa mtini, ana mbuyu wake. Walikuwepo kabla yetu. Na mnara hujengewa aliyekufa au aliye mbali, wakati hawa wapo, tena karibu sana.

Lakini kuna jambo zaidi, na hapa naomba niseme kama mtu aliyekulia Dar es Salaam. Wengi wetu wa umri wangu tumelelewa katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati kuanzia mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na mbele, chini ya upenu, baraza. Vyumbani unaingia ukiwa na ruhusa. Uani wanaingia wa nyumbani na mashoga wa mama. Barazani anakaa yeyote. Muuza kahawa anatua birika lake pale, wazee wanacheza bao, mpita njia anakwepa mvua, na hakuna anayemuuliza amekuja kwa nani. Baraza limejengwa na mwenye nyumba, kwa mawe yake na fedha yake, halafu amelitoa nje ya mlango wake. Sijui kitu kingine katika ujenzi wetu chenye ukarimu wa namna ile.

Sasa hivi pita Temeke, pita Magomeni, uyahesabu mabaraza. Mengi yamevunjwa ili zipatikane fremu za biashara, na nyumba mpya zinaanza na ukuta na geti. Siwalaumu wenye nyumba, maisha yamepanda na fremu inalisha watoto. Nyumba niliyokulia ilivunjwa baraza lake ili ziwekwe fremu mbili. Jioni ile mzee mmoja wa mtaa, ambaye kwa miaka alikuwa akikaa pembe ya kushoto, alikuja kama kawaida yake. Alisimama palepale alipozoea kukaa, akaegemea fimbo, akatazama kifusi. Kisha akatuaga kwa adabu kama vile tulikuwa tumemkaribisha, akaenda zake. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mlilana wote, kwangu mimi, umejengwa juu ya pembe ile ya kushoto.

Majirani wenyewe ni akina nani?

Wako wanne, na wote ni viumbe ambao watu wa pwani tumewasikia tangu utotoni. Tulichofanya ni kuwatazama upya.

Wa kwanza ni chunusi. Kila mtoto wa pwani ameonywa habari zake: anakaa kwenye maji yenye mkondo, anamshika mwogeleaji mguu, anamvuta chini. Huko Mlilana wanasema chunusi hana chuki na mtu. Amechoka tu. Yumo ndani ya maji yanayokwenda usiku na mchana, hana pa kutua, na anayeshika mguu wa mtu anashika kama anayeshika nguzo. Kwa hiyo baraza lake linajengwa kwenye ukingo wa mkondo, sehemu inayofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa. Maji yakijaa anakaa yeye. Yakikupwa wanakaa watu, wanasubiri ngalawa au wanaparua samaki. Ni baraza moja lenye watu wa zamu mbili, na hawajawahi kukutana uso kwa uso.

Wa pili ni vibwengo wa mbuyuni. Hawa ni wadogo, wengi, wenye kelele, na wanaona haya. Baraza lao ni la kimo cha shubiri moja, limezunguka shina la mbuyu, na watu wazima hawaruhusiwi kulikalia hata wakichoka vipi. Watoto wanaruhusiwa.

Wa tatu ni kinyamkera, pepo wa kimbunga, yule anayepita uwanjani mchana wa jua kali akizungusha vumbi na majani makavu. Huyu anatusumbua hadi leo. Utamjengeaje mahali pa kukaa kiumbe ambaye akikaa amekwisha? Nitamrudia mwishoni.

Wa nne ni nguva, na kwake yeye hakujengwi kitu. Nguva wa kweli ni mnyama wa baharini, mpole, mlaji wa nyasi za bahari, na kwa kuwa humnyonyesha mtoto wake kwa maziwa ya kifuani, mabaharia wa kale wakamsimulia kama mwanamke. Katika bahari yetu wamebaki wachache mno, zaidi upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa, na wengi wamekufa kwa kunaswa katika nyavu za jarife bila mvuvi kukusudia. Kwa hiyo mwaka wa nguva watu wa Mlilana wanachagua shamba moja la nyasi za bahari, wanalizungushia maboya ya vifuu, na mwaka mzima hakuna wavu wala nanga inayoshushwa pale. Hilo ndilo baraza lake. Watoto wa kwanza kulisikia walilalamika kwamba si ujenzi. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu wake karibu nasi, akawaambia wajaribu wao kukaa mwaka mzima bila kutupa wavu mahali penye samaki, halafu waje waseme kama si kazi.

Mbona popobawa hayumo?

Tuliombwa mara nyingi tumwingize na tumekataa. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, pepo anayesemwa kuvamia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, familia nzima, kwa woga. Wapo bado wanaoukumbuka usiku ule. Jirani katika hadithi yetu ni yule aliyekuwepo mahali kabla ya nyumba yako kujengwa. Popobawa hana mahali. Anatajwa kama mvamizi. Hatumjengei mvamizi.

Hodi inapigwaje, na jirani anajibuje?

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuiweka ya kwanza, maana bila hodi hakuna ujenzi.

Siku saba kabla, mtu mmoja anatumwa peke yake mahali panapokusudiwa. Anayetumwa ni mkazi mgeni kuliko wote mjini, awe bibi harusi aliyeolewa mwaka ule au kijana aliyekuja kutafuta kibarua. Wenyeji wamezoea mno, wanaweza kuingia bila kubisha. Mgeni ndiye anayekumbuka namna hodi inavyopigwa. Anasimama kwa umbali wa heshima, anasema, “Hodi.” Anangoja. Mara ya pili, “Hodi jirani.” Anangoja zaidi. Mara ya tatu, “Hodi jirani, tumekuja kukuuliza tukujengee wapi.” Ikipita ya tatu pasipo jibu, anarudi nyumbani, kama vile sisi sote tulivyofundishwa: hodi ni tatu, usiitikiwe, ondoka, hujakosewa na mtu.

Majibu yanatofautiana. Mbuyuni huanguka buyu moja bila upepo. Kwa chunusi, mgeni anatupa majini kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, iliyofungwa kifuu. Kifuu kikienda na mkondo hakuna jibu, kikisimama kikageuka kimeitikiwa, na pale kilipogeukia ndipo baraza litakapokaa. Na kuna miaka hakuna anayejibu. Miaka hiyo mji haujengi. Watu wanakaa mchangani asubuhi ile ile iliyopangwa, mawe yao yamelundikwa nyuma yao, kisha wanarudi makwao.

Wazo hili tulilipewa na bibi wa mtoto mmoja wetu. Aliishi Jangwani, katika Bonde la Msimbazi, hadi mafuriko ya Desemba 2011, kisha akawa miongoni mwa waliopewa viwanja Mabwepande. Alipowasikia watoto wakipanga mahali pa kujenga kwa kuangalia palipo pazuri, aliwauliza kwa upole kama wamemuuliza mwenyewe. Akawasimulia jinsi maji yalivyoingia usiku, na jinsi yalivyopita kila mahali yalipokuwa yakipita tangu yeye akiwa msichana, nyumba zikiwepo au zisiwepo. Hakuna mtoto aliyesema neno kwa muda. Jumamosi iliyofuata hodi ikawa sheria.

Nani anaruhusiwa kujenga?

Wote, ila aliye na ugomvi na jirani yake binadamu. Huyo hagusi jiwe mpaka wayamalize. Ndiyo maana wiki ile kati ya hodi na ujenzi ni ya pilikapilika kuliko siku yenyewe: watu wanalipana madeni, wanarudishiana masufuria, wanaketi na kusikilizana. Watoto wameiongezea sehemu hii visa kutoka mitaani kwao na sikulazimika kubuni hata kimoja. Kuna anayeelekeza maji machafu mlangoni kwa mwenzake. Kuna mwembe wa nyumba hii unaomwaga majani uani kwa nyumba ile. Kuna spika za sherehe hadi alfajiri wakati upande wa pili yupo mgonjwa. Kila Jumamosi wanatatua kisa kimoja, wakigombania kuwa mzee wa baraza.

Siku ya ujenzi inakuwaje?

Nitaeleza ya chunusi, ndiyo ninayoiona vizuri.

Wanachagua siku ya bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri, na hukupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na bamvua la Septemba ni miongoni mwa makubwa ya mwaka, hivyo sehemu ambazo kwa kawaida hazionekani zinafunuka. Watu wanatoka giza likiwepo bado, wanakaa kwenye mchanga wakiyatazama maji yakirudi nyuma. Hawaingii mpaka yafunue jiwe la alama. Likionekana, kazi inaanza, na tangu hapo wanashindana na bahari.

Mawe yamechimbwa nchi kavu miezi iliyopita, yale ya matumbawe ya kale, meupe, yenye vitundu, mnayoyajua kutoka machimbo ya huku kwetu. Matumbawe yaliyo hai baharini hayaguswi. Baraza la chunusi halitiwi chokaa wala saruji. Chokaa huhitaji hewa ili ishike. Ukiizamisha mbichi inaoshwa yote. Kwa hiyo mawe yanapangwa makavu: makubwa chini, kila jiwe la juu likilalia mawili ya chini, na mianya inazibwa kwa vipande vidogo vinavyogongwa kwa nyundo hadi visitikisike. Vipande hivyo hubebwa na watoto kwenye makarai. Fundi anayejua kazi hii hatumii nguvu. Anaokota jiwe, analigeuza mkononi mara mbili tatu kama mtu anayechagua embe, analiweka, analisikiliza. Likilia “tok” limekaa. Likilia “kra” analitoa.

Kutoka ufukweni hadi kwenye ujenzi watu wanasimama mstari mmoja na mawe yanapita mkono kwa mkono. Kiongozi anaita, mstari unaitikia, na jiwe linahama kwenye neno la mwisho:

Sogea! — Nimesogea!
Sogea tena! — Nimesogea!
Kabaki nani? — Jirani!
Akae wapi? — Hapa!

Maji yakianza kurudi wanaondoka wote, hata kama limebaki jiwe moja. Halafu inakuja dakika ambayo mji mzima unaisubiri. Ninyi mafundi mnakijua kifaa cha pimamaji, kile chenye povu katikati. Mlilana hawana. Pimamaji yao ni bahari yenyewe. Maji yanapanda ubavuni mwa baraza polepole, wanda kwa wanda, mpaka usawa wa juu. Kama kazi imekaa sawa, maji yanalifunika lote kwa pamoja, mwisho hadi mwisho, kama shuka inayotandikwa. Kama limeinama, upande mmoja unazama na mwingine unabaki mkavu, na kila mtu anaona. Hakuna anayepiga kelele wakati ule. Watu wazima wanashika mikono ya watoto wao.

Baada ya hapo ni wali wa nazi na mchuzi wa pweza, kahawa chungu na kashata, huku ufukweni. Barazani hapakaliwi siku ile. Wa kwanza kukaa ni mwenyewe.

Vipimo wanavipata wapi?

Vya zamani vya mwili: wanda (upana wa kidole), shubiri (kiganja kilichotanuliwa), dhiraa (kiwiko hadi ncha ya kidole), pima (mikono miwili iliyonyooshwa). Ila mwili unaopimwa ni wa jirani, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa vibwengo wanatumia shubiri ya mtoto aliyetimiza miaka mitano. Kwa chunusi wanatumia ile kamba ya usumba: urefu uliovutwa kabla kifuu hakijasimama unakunjwa mara nne, na hiyo ndiyo dhiraa yake, kwa kuwa pima moja ni dhiraa nne.

Kuhusu usumba, kwa wasiojua: makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi mingi mpaka yaoze, hufukuliwa, hupigwa kwa gongo hadi zibaki nyuzi, kisha nyuzi zinasokotwa. Tulijaribu na watoto. Harufu yake siku ya kufukua ni kali, na hakuna aliyeisahau.

Je, huu si ushirikina? Naogopa mwanangu anafundishwa kuabudu majini.

Nashukuru kwa kuuliza waziwazi, na usione haya kuuliza tena ukiniona. Mimi ni Mwislamu, mwenzangu tunayesimulia naye ni Mkristo, na jambo hili tulikaa nalo kabla ya kusimulia neno moja. Desturi ya Mlilana ina makatazo ambayo watoto wanayajua kwa moyo: jirani haombwi kitu, jirani hachinjiwi, jirani hafukiziwi. Hakuna anayemwendea chunusi kutaka riziki au kinga. Anajengewa mahali pa kukaa, basi, kama ambavyo ungemsogezea kigoda mtu aliyesimama mlangoni kwako, awe wa dini yako au asiwe.

Pia hatukuchukua tambiko la mtu na kuligeuza mchezo. Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii tunayoiishi, wana heshima zao kwa mizimu na mahali pake, na hizo ni zao. Mtoto akiniuliza habari zake namwelekeza kwa babu na bibi yake.

Ukiona bado moyo wako hauridhiki, mzazi ndiye mwenye neno la mwisho. Njoo Jumamosi ukae nasi usikilize, kisha uamue.

Mmeiga Mwaka Kogwa?

Hapana, ingawa watu wengi wanachanganya, pengine kwa sababu ya Kunduchi yetu na Makunduchi ya Unguja. Kule, katika sherehe za Mwaka Kogwa mwezi Julai, kinajengwa kibanda cha makuti na kuchomwa moto. Huku kwetu tunajenga na kuacha.

Baraza likibomoka je?

Halikarabatiwi. Mawe yakitawanyika pweza na kaa wanahamia.

Tangu asikie hadithi hii mwanangu haogopi tena maji. Nifanye nini?

Mfundishe kuogelea, na umweleze kuhusu mkondo. Hili nalisema kwa uzito wote. Chunusi wa hadithi ni mchovu na mpole. Mkondo wa kweli hauna huruma, na watoto wa jiji hili wanazama kila mwaka. Watoto wetu wote wanajua yafuatayo, kwa sababu tumeyaweka mdomoni mwa watu wa Mlilana. Haingii mtu majini peke yake. Mahali penye mlango wa kijito, maji yanapokupwa, hapaogelewi hata pakiwa shwari. Na mkondo ukikuchukua usishindane nao kurudi moja kwa moja ufukweni; ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake, ndipo ugeuke. Ukichoka, elea chali na uinue mkono.

Shuleni kwetu tunataka kujenga baraza letu. Tutumie nini?

Furaha iliyoje. Msikate mikoko, tafadhali. Zamani boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe, na vyumba vikawa vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti; lakini leo mikoko ni hifadhi na kukata bila kibali ni kosa. Mna vitu vingi mbadala. Udongo wa kichuguu unashika vizuri ukikanyagwa na maji na nyasi kavu. Fito za mwarobaini uliopogolewa zinafaa kwa kiunzi. Mawe mnaweza kuomba mabaki kwa wanaoponda kokoto. Chokaa mbichi msiwape watoto kabisa, inaunguza ngozi na macho; tumieni iliyokwisha kuzimwa, na akandike mtu mzima.

Watoto wakaone kwanza nyumba za makabila zilizojengwa katika Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama. Wakiwa Kunduchi waende pia kwenye magofu, wakayaangalie makaburi ya nguzo yaliyopachikwa vyombo vya kaure kutoka China. Mtoto akiona kwamba watu wa hapahapa walipamba kwa chombo kilichovuka bahari nzima, anaanza kuipenda kazi ya mkono.

Na kabla ya yote pigeni hodi. Mahali mnapotaka kujenga pana nani? Siafu, mjusi, mzizi wa mwembe, njia ya maji ya mvua, mama anayeanika dagaa pale kila asubuhi? Sisi tulipojenga letu chini ya mkungu, urefu wa pima moja, udongo na mawe, tuligundua kwamba palikuwa njia ya kuku wa jirani kwenda kwenye kivuli. Tukaacha upenyo. Siku ya kukandika, binti mmoja wa miaka saba alijaribu kukaa sehemu zote, mwanzo hadi mwisho, akihama kidogo kidogo na mikono yake ina udongo. Alipofika mwisho wa kushoto akasimama, akatazama, akapasawazisha tena kwa kiganja, na hakupakalia. Nilipomuuliza akasema pale pana mtu. Sikuwa nimewahi kuwasimulia habari za yule mzee.

Naweza kuandika hadithi yangu ya Mlilana?

Andika. Mji ni wa wote. Tunaomba mambo mawili tu: hodi iwepo, na jirani asiuawe mwishoni.

Zamu ijayo ni ya nani?

Ya kinyamkera, na kama nilivyosema, bado tumekwama. Watoto wamekwenda uwanjani mara tatu na sinia la majivu kuona kimbunga kinavyozunguka, na wamerudi na mapendekezo mawili. La kwanza ni baraza la duara lisilo na ukuta wala paa, ili awe analizunguka. La pili limetoka kwa mtoto ambaye huwa haongei: tufagie duara la ardhi tupu, tuache vumbi safi katikati, yeye mwenyewe atalijenga akipita, kisha atalibomoa. Jumamosi hii tunalijaribu la pili, saa nane mchana, jua likiwa kali. Aliye na fagio la chelewa la kuazima aje nalo.